Mwaka wa Kubonyeza Kiflamandi

Maman Béatrice alinipigia simu nikiwa nakaanga vitunguu. Hakusalimu. "Riziki, Honorable alituacha," akasema, kisha papo hapo akauliza, "Uko na ile sufuria kubwa ya bugali? Bantu bameanza kukuya." Ndivyo msiba unavyoingia majumbani mwetu hapa Brussels, jina la marehemu kwanza, sufuria baadaye. Nikazima jiko, nikakaa na aproni yangu kiunoni, na sikulia. Nilichoka tu. Nilichoka kuanzia magotini kwenda juu. Nilipopata nguvu niliitoa sufuria juu ya kabati, nikaitia kwenye mfuko wa nguo chafu, nikapanda nayo tramu kutoka mtaa wangu wa Forest hadi kwao Berchem nimeipakata kama mtoto. Tulipita mbele ya kiwanda cha magari kilichofungwa, lango limetiwa mnyororo, majani yameanza kuota kwenye maegesho. Hakuna aliyegeuka kukitazama isipokuwa mimi, maana mume wa Maman Béatrice, Honorable mwenyewe, alikunja mgongo wake humo miaka mingi.

Nyumba yao ni ile ile, sebule ile ile yenye kabati la vioo na sahani ambazo hakuna aliyewahi kulia. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, magodoro yametandikwa, na kila aliyeingia alikuwa na lake la kusema. Honorable njo alinitafutia nyumba. Honorable njo alinisindikiza komini kutafuta karatasi. Honorable njo aliandikisha mutoto yangu ku école. Nilijipenyeza jikoni kwa akina mama, nikapewa kisu na rundo la vitunguu saumu. Mmoja wao, anayeandaa maneno ya kusomwa kanisani, akaniambia, "Weye njo ulitumika naye mwaka wa ile élection, sivyo? Ilikuwa namna gani?" Nikamjibu, "Ilikuwa ni kuchoka tu, dada yangu." Wakacheka, wakadhani natania, nami nikaendelea kumenya vitunguu.

Sitasema hapa nilizaliwa na nani wala nilivukaje ziwa kwenda kusomea Kigoma. Mambo hayo yana mahali pake. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo, sina kazi, na Papa Evariste alihitaji mtu wa kumwandikia barua. Alikuwa mbunge wa mkoa wa Brussels, Mkongo wa Bukavu, mwenye mabega ya mtu wa kiwandani na tai moja ya bluu. Wabelgiji walimwita Evariste. Sisi tulimwita Honorable, kama wabunge wanavyoitwa kwetu, na alikuwa akiinamisha kichwa kidogo kila akisikia neno hilo, kwa aibu. Njia iliyomfikisha bungeni ilikuwa ya ajabu kidogo. Alilelewa misheni, kwenye karakana ya seremala ya bruda mmoja Mflamandi, Mbelgiji wa wale wasemao Kiholanzi, ambaye alipogonga kidole chake kwa nyundo alitukana kwa Kiflamandi, na alipofurahi aliimba kwa Kiflamandi. Evariste akaipata lugha ile pamoja na randa na msumeno. Alipokuja huku na kuajiriwa kiwandani Forest, kumbe nusu ya wenzake ni Waflamandi wanaokuja kwa treni alfajiri, na hapo yuko mtu mweusi anayewatania kwa lafudhi ya kijijini kwao! Wakamchagua awasemee kwenye chama cha wafanyakazi. Kisha chama cha siasa, upande wa Waflamandi, kikamwona na kumweka kwenye orodha yake. Hakushinda. Alikuwa wa akiba. Ila aliyeshinda alipochukuliwa kuwa waziri, sheria ya hapa inasema wa akiba aingie kukalia kiti, na ndivyo alivyoingia.

Ofisi yake bungeni ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha linalotazama ukuta. Lakini ofisi yenyewe, ile ya kweli, ilikuwa Forest, nyuma ya saluni ya kusukia nywele, chumba chenye meza, viti vya plastiki na harufu ya mafuta ya nazi. Kila Jumamosi alivaa tai yake akakaa pale, na watu wakaja. Huu si ubunifu wake, wanasiasa wote wa Brussels hufanya hivyo, wanaita permanence. Tofauti ni kwamba wenzake walikuwa na saa ya kufunga. Wa kwanza kufika alikuwa daima Maman Vumilia, kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke mkubwa wa sauti kubwa aliyefanya kazi ya kutunza wazee wa Kibelgiji majumbani mwao. "Honorable, ascenseur imekufa tena," alikuwa akianza kabla hajaketi. "Miye napandisha kizee ya bantu ku mugongo mupaka ku sixième. Unataka nikufe?" Honorable alinigeukia: "Riziki, andika." Niliandika kwa shirika la nyumba kwamba lifti ya ghorofa ya sita imekufa. Kisha anaingia wa karatasi za ukaazi, kisha wa mtoto aliyefukuzwa shule, kisha yule ambaye hana shida yoyote ila amekuja kumsalimia Honorable na kumweleza, kwa kirefu, jinsi dada yake anavyomdharau. Mchana Maman Béatrice alileta sombe, kisamvu chetu, na wali kwenye chombo cha plastiki, na mumewe alikula kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Bungeni nako alisimama akahutubia juu ya lifti za nyumba za shirika, kwa Kiflamandi kizuri mno, na nilimwona mheshimiwa mmoja akivua kifaa cha masikioni cha wakalimani ili amsikie kwa masikio yake. Watu wa kwaya wangemsikia siku ile wangempigia vigelegele. Lakini hawakuelewa Kiflamandi, na bungeni hawakuwahi kuja.

Nililala kwa Honorable na mkewe mara kadhaa majira yale ya baridi, kwenye kochi la sebuleni, na ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Asubuhi moja niliwasikia wakinywa kahawa, wakidhani nimelala. Maman Béatrice alikuwa akisema, "Bote banakukula, Evariste. Siku moja utaisha, na bataniuliza mifupa iko wapi." Kijiko kikazunguka kikombeni. Nilingoja acheke, alikuwa mtu wa kucheka mambo. Hakucheka. "Mara moja tu, Béa," akasema. "Ile kiti niko naikalia ni ya muntu mwingine. Miye hakuna muntu alinichagua. Nataka bantu yangu banichague, na jina yangu, mara moja tu. Kisha nitapumuzika." Maman Béatrice akasema, "Na kama habatakuchagua?" Yeye akasema, "Batanichagua. Bananiita Honorable kila siku." Lile neno, Honorable, alilisema kwa imani ya mtoto wa komunyo ya kwanza.

Sasa sikiliza ugumu ulipokuwa. Brussels ni mji wa lugha mbili, na mashine ya kupigia kura inalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ukifika, unapewa kadi, unaingia nyuma ya pazia, na kuna kalamu iliyofungwa kwa waya ya kugusia kioo. Mashine inakuuliza lugha mara mbili. Mara ya kwanza inataka tu kujua maelekezo yaandikwe kwa lugha gani, na hiyo haina madhara. Mara ya pili inakuuliza unataka orodha za wabunge wa Kifaransa au wa Kiflamandi, na hapo ndipo mto unapogawanyika. Ukigusa Kifaransa, majina ya Waflamandi huyaoni. Sasa Wakongo wote wa mji huu ni watu wa Kifaransa. Kifaransa ndicho walichopigiwa viboko shuleni, ndicho wanachoombea kazi, ndicho wanachogombania. Na Honorable wao alikuwa upande wa pili. Chama kilimweka chini kwenye orodha, penye kutegemea kura za jina lake, na mkubwa mmoja wa chama akamwambia mbele yangu, akitabasamu, kwamba hana haja ya nafasi nzuri kwa kuwa ana watu. Upande wa Waflamandi wapiga kura ni wachache, kura za kwaya na za wafiwa wetu zilitosha kabisa kumwingiza. Ilibaki kazi ya kuwafundisha watu wagusie wapi.

Haki ya Mungu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Honorable alitengeneza mwenyewe mashine ya mbao nyepesi, mikono yake ya useremala haikusahau, yenye vioo vya karatasi vya kubadilisha, na tukaibeba kutoka msiba hadi msiba. Ndiyo, misibani. Ndiko tunakokutana. Harusi watu huja wamechelewa na muziki uko juu, lakini matanga watu wanakaa, wanangoja chakula, hawana pa kwenda. Tulikuwa watatu: Honorable, mimi, na Padri Jef, mzee Mflamandi aliyekaa Kivu maisha yake yote na sasa alikuwa akizeeka kwenye nyumba ya mapadri wastaafu huko Auderghem, ambako, alisema, supu haina chumvi na wenzake wanazungumzia magoti yao tu. Alikuja na koti lake kuukuu na Kiswahili chake cha Bukavu, na watoto walimfuata kama wamemwona Baba Noeli.

Nakumbuka usiku mmoja wa matanga, ukumbini, makayabu, samaki wa chumvi, yanakaangwa nyuma, marehemu akiwa shangazi wa mtu. Honorable alitoa pole zake, akaimba wimbo mmoja nao, kisha akasimama kando ya kile kijimashine. "Bon. Tuanze tena," akasema. "Mashine itakuuliza luga mara mbili. Ya kwanza, gusa Français, hakuna shida. Ya pili, hapo njo mutagusa Kiflamandi. Mukigusa Français mara ya pili, miye hamutaniona, ata mukinitafuta mupaka kesho." Watu wakaitikia ndiyo, Honorable, tumesikia, Honorable. Maman Vumilia akainuka, akajishika kiuno. "Alors, Papa, tusemezane kweli. Nikigusa Kiflamandi, serikali, l'État, haitaandika kama miye ni Muflama? Factures za umeme hazitaanza kukuya mu Kiflamandi? Na mutoto, habataniambia nimupeleke ku école ya Baflama? Miye na hii Kifaransa yenyewe nilijifunza na mateso!" Ukumbi ukaguna kwa kukubali, maana kila mmoja alikuwa na woga huo huo na hakuna aliyethubutu kuusema. Padri Jef akanyanyua mkono. "Maman Vumilia, kura ni siri. Ata l'État haione. Na miye ni Muflama tangu mama yangu ananizala, na sijakufa." Watu wakaangua kicheko, mwenye msiba naye akacheka huku akifuta machozi. Maman Vumilia akaja mbele, akagusa vizuri, mara ya kwanza Français, mara ya pili Kiflamandi, akalipata jina la Honorable, akalibonyeza kwa kidole gumba kama anayemponda kiroboto. Tukapiga makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Tukafanya hivyo majira yote ya kuchipua. Nilikula bugali ya misiba mpaka nikaichukia. Honorable alikuwa akitoka bungeni jioni, anavua tai kwenye gari, anaivaa tena mlangoni, anaingia. Kila mahali waligusa vizuri. Kila mahali waliahidi. Maman Béatrice peke yake hakutuamini, alikuwa akiwatazama kutoka pembeni na kusema, "Leo banagusa kwa sababu muko hapo." Nilimwona mwenye roho ndogo. Sikio la kijana nalo, kuna siku linasikia?

Jumapili ya kura jua liliwaka, watu walivaa kama wanaenda ibadani, na hapa kupiga kura ni lazima kwa sheria kwa hiyo hakuna aliyebaki nyumbani. Walitupigia simu wakifurahi. Imekwisha, Honorable! Tumefanya, Honorable! Jioni tulikaa sebuleni Berchem na biskuti na soda, redio ya Kiflamandi imewashwa mezani, yeye akiielewa, sisi tukiusoma uso wake. Padri Jef alikuwepo, naye alielewa, lakini aliinamia kikombe chake. Majina yakasomwa. Honorable akanyoosha mkono akapunguza sauti, taratibu, akasema kwa Kiswahili, "Haikutosha." Maman Béatrice akauliza, "Ni kidogo tu?" Akasema, "Hapana, Béa. Haikukaribia." Kisha akaenda kuosha vikombe. Mimi nilikwenda kujifungia chooni nikalia huko, nikang'ata taulo nisisikike.

Na kesho yake, mchana, ndipo tukasikia nyimbo ngazini. Jamani! Walikuwa wanapanda kwa miguu, lifti ya jengo la Honorable nayo ilikuwa imekufa, wanapanda wanaimba, sufuria vichwani, vitenge vya kwaya vyote sare. Maman Vumilia akaingia wa kwanza akicheza, jasho linamtoka, akamkumbatia Honorable akamzungusha. "Tulishinda! Tuliona rangi yetu ku télé, banaruka, banafungua champagne! Nikasema, kwaya yote, tupike!" Nilimwangalia Honorable, naye alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Vyama vya hapa ni mapacha, kila chama cha Kiflamandi kina ndugu yake wa Kifaransa mwenye rangi ile ile. Kwenye televisheni ya Kifaransa walioshangilia walikuwa ndugu. "Mulinipata ku mashine?" akauliza, kwa upole. Maman Vumilia akapunga mkono. "Ah, ile mashine! Nilifika pale ya pili, nikarudisha mukono. Nikasema hapana, Vumilia, usijichezee na karatasi zako, gusa Français. Nikakutafuta, sikukuona. Bon, lakini rangi ni ile ile, chama ni ile ile, nikagusa rangi. Na ukashinda!" Nyuma yake wengine wakaitikia, ata miye, ata miye, rangi. Walikuwa wanajivunia. Walifanya ujanja wa kumchagua bila kujitia hatarini.

Nilitaka kuwarushia zile sufuria. Nasema kweli, nilimnong'oneza Honorable kwamba awafukuze wote. Mkewe alikuwa na shauri jingine, alimshika kiwiko akamwambia kwa sauti ndogo, "Usibaambie. Bakule, baende." Ingewezekana. Wangekula, wangecheza, wangerudi makwao na ushindi wao. Lakini Honorable akaomba muziki uzimwe. Akasimama katikati ya sebule ile, shati limetoka nje ya suruali, akasema, "Bandugu zangu, sikushinda. Ile rangi ya ku télé ni ya chama ingine. Miye nilianguka. Mwezi ingine nitarudia ku usine, kutengeneza magari." Mtoto mmoja akauliza kwa nini hawachezi, akanyamazishwa. Maman Vumilia akajishusha kwenye kochi taratibu, akashika mdomo. "Mungu wangu. Ni sisi njo tulikuangusha?" Honorable akamtazama. Mimi nilijua alichokuwa nacho moyoni, nilikisikia kupitia ukuta wa jikoni. "Ni mashine, Maman," akasema. "Ile mashine ni mubaya."

Maman Béatrice akapiga makofi. "Mukule! Bugali inapoa." Nao wakala, sambaza, dagaa wa ziwa la kwetu, zikazunguka, kisha mtu akacheka kitu. Watu wana njaa hata wakiwa na haya. Mimi sikugusa chakula. Nilikuwa nimesimama dirishani nikihesabu makosa ya kila mtu, na nilikuwa nimefikia la mkubwa wa chama na tabasamu lake, niliposikia Maman Vumilia akikohoa. Alikuwa amejisogeza karibu na Honorable, sahani magotini, sauti yake kubwa ameibana mpaka imekuwa ya msichana. "Papa," akasema, "bon, basi, ile ya samedi, kule nyuma ya saluni... Ile ascenseur haijatengenezwa. Tutakuya, ao hatutakuya?"

Nikasema kwa nguvu, "Honorable, hapana!" Chumba kizima kikanigeukia. Yeye hakunigeukia. Alikuwa anamtazama yule mama, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko uso wowote niliowahi kuuona, na chini ya uchovu ule kulikuwa na kitu nilichokichukia siku ile na ambacho leo, na miaka yangu hii, bado sijui nikiite nini. Akamwongezea mboga kwenye sahani yake. "Kuyeni," akasema.

Jumamosi nilikwenda Forest mapema, nimejiandaa, nimepanga maneno, nimwambie afunge ule mlango kwa sababu hana tena kiti, hana barua yenye nembo, hana hata mshahara wa kunilipa. Nilikuta foleni imeshatoka saluni imefika barabarani. Alikuwa ameketi na tai yake ya bluu, simu shingoni, na Maman Vumilia mbele yake. Aliponiona, akaondoa koti lake kwenye kiti cha pili ili nikae.